Aliyeshika Tochi

Tarehe 4 Machi

Mwanangu Koleo,

Pokea salamu zangu na za mama yako mdogo, ambaye amesimama nyuma yangu anasoma kila neno na kunung'unika kwamba mwandiko wangu siku hizi ni nyayo za kuku. Hatujambo. Paa la jikoni tumeliziba. Paka amezaa watatu ndani ya boksi langu la spika, na nimepigwa marufuku kuligusa mpaka wafumbue macho. Msalimie kaka yangu, mwambie habari za goti lake nimezipata na ninampa pole.

Najua umepiga simu mara nne. Simu sikuizoea na sitaizoea. Watu wa siku hizi wanaongea kama wamejaza pamba mdomoni. Barua inakaa mezani, unaisoma ukiwa na miwani na akili zako. Tuandikiane tu.

Sasa jambo lenyewe. Chuo cha ufundi kimeniita. Mkuu wa chuo alikuja mwenyewe, na tai shingoni, akakaa kwenye kile kiti nilichounga mguu bila kujua hatari aliyoikalia. Tarehe ishirini Julai wanafungua karakana mpya ya umeme. Wanataka ile amplifaya ya ukumbini, ambayo siku hizi iko kwangu, iwekwe pale mlangoni moja kwa moja, pamoja na kibao cha shaba chenye jina langu, na mimi nisimame niwaeleze wanafunzi jinsi nilivyoitengeneza baada ya mafundi watatu kushindwa. Unaikumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na sita, unanishikia tochi. Ukifungua kifuniko mpaka leo utaona wote wameandika kwa penseli, kama ilivyo desturi yetu mafundi: alama na tarehe, alama na tarehe, alama na tarehe, halafu mimi. Baada yangu hakuna aliyeandika tena, maana haikuharibika tena. Tangu siku ile mji mzima unaniita Fundi, na jina langu la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho.

Shida ni kwamba muziki wao uko ndani ya kompyuta. Kompyuta inaongea kwa tarakimu na amplifaya yangu haijasoma hesabu. Lazima katikati akae mkalimani, kidude ambacho muuzaji anakiita dak, na mimi nakiita kigeuzi. Anavyo vitatu. Cha kwanza ni kidogo kama kidole gumba, kinachomekwa kwenye kompyuta basi. Cha pili ni boksi la bati, kina umeme wake chenyewe. Cha tatu kina uso wa kioo na taa za bluu, na bei yake nikaomba aitaje mara ya pili. Pensheni yangu unaijua. Wewe unashinda na mashine za hospitali, hebu niambie nichukue kipi.

Baba yako mdogo,
Fundi


Tarehe 19 Machi

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama mdogo huko nyuma ya bega lako. Sisi tu wazima. Binti yangu ameng'oka meno mawili ya mbele kwa wiki moja na anaongea kwa upepo. Baba anatembea vizuri, ila redio anaifungua mpaka jirani anagonga ukuta. Nikimwambia apunguze, anasema ni jirani ndiye anayesikia kupita kiasi. Kazini nimefufua mashine mbili za kuwatunzia watoto njiti ambazo zilikuwa zimeshaandikiwa kutupwa. Muuguzi mkuu amenipa mkono mbele ya watu, nami sikujua niangalie wapi.

Habari ya chuo niliisoma kwa sauti, baba akapiga paja lake, lile la goti bovu, kisha akajuta. Tumefurahi. Hongera sana, baba mdogo.

Kuhusu vigeuzi, usibabaishwe na namba kubwa zilizoandikwa kwenye maboksi. Zile ni za kuuzia. Siku hizi hata kigeuzi cha bei ya chini kinageuza vizuri kuliko sikio linavyoweza kudai, na kile cha taa za bluu utakuwa umelipia taa. Wewe uliza kinapata wapi umeme. Hicho cha kidole gumba kinanyonya umeme wa kompyuta, na umeme wa kompyuta ni mchafu. Uchafu ule unaingia kwenye amplifaya na unatoka kama mluzi mwembamba. Cha pili, hilo boksi la bati, ndicho ningechukua mimi. Nyuma kawaida kina tundu la waya wa mwanga. Waya huo hauna shaba ndani, unapitisha mwanga tu, kwa hiyo uchafu haupati njia ya kupita. Tazama mgongoni mwa kompyuta ya chuo kama kuna tundu dogo la mraba lenye kimlango na mwanga mwekundu ndani. Likiwepo, umemaliza kazi.

Tochi naikumbuka. Ilikuwa ya betri tatu, na swichi yake ilikuwa na kutu.

Mwanao,
Koleo


Tarehe 11 Aprili

Mwanangu Koleo,

Salamu. Paka wamefumbua macho na boksi halijarudi mikononi mwangu. Mama yako mdogo sasa anasema spika ndiyo iliyoingia kwenye nyumba ya paka. Mpe mjukuu wangu pole ya meno. Na kaka usimshangae, yule tangu utoto hakuwa na masikio. Mama alikuwa anamwita mara tano, mimi nafika kwa mara ya kwanza.

Ushauri wako nimeupokea, nikaupima kama ninavyopima kila kitu. Nilimwachia muuzaji saa yangu ya mkononi, akaniazima vyote vitatu Jumamosi nzima, na chuo kikaniletea kompyuta yao. Nikatundika shuka katikati ya sebule. Mama yako mdogo nyuma ya shuka, anabadilisha anavyotaka bila kuniambia. Mimi huku nimefumba macho, kiganja juu ya spika, unaujua mtindo wangu. Tulikwenda raundi kumi na mbili.

Sasa kaa vizuri. Alama za juu zimekwenda kwa kile cha kidole gumba. Besi imeshiba, sauti ya waimbaji ina nyama, na kwenye kimya kati ya nyimbo hakuna hata chembe ya kelele. Roho kwatu. Huo mluzi wako sikuusikia. Naona hospitali imekufundisha uoga, mwanangu. Huko kila kitu lazima kiwe cha bei kwa sababu mgonjwa hajui kulalamika. Nimekinunua, saa yangu nimerudishiwa, na chenji imebaki.

Mama yako mdogo ndiye aliyetaka kuniharibia siku. Ati, "Fundi, hicho kidogo kinalia. Ukisogeza kipanya cha kompyuta kinalia kwa sauti nyembamba, ukikiacha kinanyamaza." Kipanya kipige mluzi. Nikamwambia labda ni paka wake wanaokisikia. Amenuna, amepika amenuna, na hapa nyuma ya bega langu leo hayupo.

Watu wanapita barabarani wananiuliza siku ya chuo. Nimeshanunua shati.

Baba yako mdogo,
Fundi


Tarehe 25 Aprili

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Huku wazima. Baba amepelekwa kupimwa masikio, amepewa vifaa viwili vidogo vya kuvaa, na kwa mara ya kwanza amesikia saa ya ukutani. Alituuliza tumeinunua lini. Tunayo tangu nihamie hapa. Amecheka mwenyewe mpaka akatoa machozi.

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima. Nimeiandikia majibu mawili na yote nimeyachana. Hili ni la tatu.

Mwamini mama mdogo. Sisemi hivyo kwa sababu ya kumpoza. Hajui transista wala kapasita, na ndiyo maana namwamini. Mtu asiyejua ufundi angeweza kuzua kwamba kidude kinalia. Hawezi kuzua kwamba kinalia kipanya kikisogea na kinanyamaza kikiachwa. Hivyo ndivyo hasa uchafu wa kompyuta unavyolia, na mimi nimekaa na vigeuzi vya namna hiyo miaka mitatu. Mluzi upo, baba mdogo. Uko sebuleni kwako.

Siku ya ufunguzi watakaa mbele yako wanafunzi mia na zaidi. Masikio yao yana miaka kumi na minane. Muziki utakaponyamaza wewe uanze kusema, wao watakuwa wanausikia ule mluzi. Sitaki uwe pale mbele, na shati jipya, wakati wao wanatazamana.

Mluzi mwingine niliusikia zamani, kwenye amplifaya hiyohiyo. Hilo sitaliendeleza.

Mwanao,
Koleo


Tarehe 30 Mei

Baba mdogo,

Shikamoo. Mwezi umepita na siku zaidi, sijapata jibu. Nimepiga simu, mama mdogo amepokea, amesema upo, unakula, unachonga kitu huko nyuma na huongei. Ikiwa nimekuudhi, nitukane kwa maandishi, nimezoea. Ila usinyamaze.

Koleo


Tarehe 2 Julai

Mwanangu Koleo,

Salamu kwako, kwa mjukuu, kwa kaka na masikio yake mapya. Paka wawili wamepata wenyewe, wa tatu amebaki, analala ndani ya boksi la spika. Sisi wazima. Kuchonga nilikuwa nachonga mguu mpya wa kile kiti, nisije nikamuua mkuu wa chuo.

Uliniudhi, ndiyo. Niliitupa barua yako juu ya kabati. Siku ya tatu nikaishusha, nikachukua amplifaya na kigeuzi changu, nikaenda chuoni kukuumbua. Wana oskiloskopu, ile mashine inayochora sauti kwenye kioo. Nikamwambia mwalimu wa karakana, mama mmoja mwenye adabu sana, tupime kimya. Kama kimya ni kimya, kioo kichore mstari mmoja ulionyooka.

Kioo kikachora manyoya. Nikasogeza kipanya, manyoya yakasimama. Nikakiacha, yakalala. Mwalimu alikuwa amekunja uso, akasema taratibu, "Mluzi unauma masikio, Fundi." Mimi nilikuwa nautazama mluzi kwa macho yangu mawili na sisikii kitu.

Daktari amepima. Sauti nyembamba zote zimeniondokea, na anasema hazikuondoka jana. Zinaondoka kidogo kidogo miaka na miaka. Simu sizipokei kwa sababu hiyo, na pamba haiko midomoni mwa watu.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili nikiliacha leo sitaliandika tena. Ile siku ya ukumbini sikuusikia mluzi. Mwenye ukumbi alikunja uso, wewe ukaziba masikio, na mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia. Nilibadilisha transista nne kwa kubahatisha. Wewe ukasema, "Baba mdogo, ngoja." Ukachukua kijiti, ukawa unagusa kifaa kimoja kimoja, ukafika kwenye kikapasita kidogo kama punje ya dengu, ukasema, "Hapa unakata." Mguu wake ulikuwa umeachia lehemu. Ulilehemu mwenyewe. Mkono wako haukutetemeka. Tochi nilishika mimi.

Halafu ukachukua penseli. Ulikuwa umeshainama juu ya kifuniko, na mwenye ukumbi anaingia mlangoni na hela mkononi. Nikaitoa penseli kati ya vidole vyako. Ulifuta meza.

Niliogopa, mwanangu. Fundi wa redio asiyesikia, nani atamletea redio? Nilijiambia nitakuambia kesho. Kesho yake watu walikuwa wameshaanza kuniita Fundi, ikawa tamu. Nimeihadithia miaka ishirini na miwili, na kila mara nakuweka na tochi, mpaka nikawa naiona hivyo mwenyewe. Nisamehe.

Barua ya kumkatalia mkuu wa chuo nimeiandika. Iko mfuko wa shati jipya.

Baba yako mdogo


Tarehe 9 Julai

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Hii ni fupi kwa sababu basi linaondoka saa nne na nimeshika kifurushi.

Barua ya mkuu wa chuo ichane. Ndani ya kifurushi kuna boksi la bati, ni kigeuzi changu mwenyewe, kile ninachosikilizia nyumbani. Nimekifungua, nimekikagua, nimekifunga. Waya wa mwanga uko pembeni, usiukunje sana, ndani ni kioo. Swichi ya nyuma iache kushoto. Mama mdogo awe ndiye msikilizaji. Akisema kimya, ni kimya.

Nilikukasirikia. Nilikukasirikia mpaka nikamaliza chuo, na kazi yangu ya kwanza niliifanya kwa hasira tupu, kila mashine nilikuwa naandika alama yangu kubwa kuliko ya watu wote. Halafu siku moja nikafungua mashine ya watoto njiti, na kabla sijagusa kitu nikaweka kiganja juu yake, nikafumba macho. Nikajicheka. Nani aliyenifundisha hivyo? Hakuna baba mdogo mwingine mjini kwetu aliyempa mtoto wa kike chuma cha kulehemu na kumwambia haya, chomelea, ukiungua utapona. Nilishakusamehe zamani. Nilikuwa nasubiri tu uniambie.

Simama pale. La kusema sitakuchagulia.

Koleo wako


Tarehe 23 Julai

Mwanangu Koleo,

Salamu kutoka kwetu sote wawili, paka na mwanawe. Mama yako mdogo amerudi nyuma ya bega langu, na safari hii anataka niandike kwamba yeye ndiye aliyeokoa siku. Nimeandika.

Kifurushi kilifika salama. Mgongoni mwa kompyuta kulikuwa na kitundu chenye kimlango, na mwanga mwekundu ndani, kama ulivyosema. Asubuhi ya siku yenyewe nilimweka mama yako mdogo kwenye kiti mbele ya spika, nikamwambia mwalimu asogeze kipanya kila upande. Mama yako mdogo alifumba macho akakaa kama hakimu. Mwisho akasema, "Kimya, Fundi." Oskiloskopu ikachora mstari umenyooka kama uzi uliovutwa. Kigeuzi kile cha kidole gumba nimewaachia chuo, wawafundishie wanafunzi sauti ya uchafu.

Watu walijaa mpaka madirishani. Muziki ukapigwa, na ingawa najua zipo sehemu zake ambazo hazinifikii tena, kiganja changu kilikuwa juu ya spika na nilipata cha kunitosha. Muziki ulipoisha nikasimama. Hotuba nilikuwa nimeikariri mwezi mzima, ile ya zamani. Nikaiacha.

Nikawaambia fundi aliyeitengeneza hayupo hapa, yuko mbali, anatengeneza mashine za kuwatunzia watoto njiti. Nikawaambia nilimnyang'anya penseli. Mkuu wa chuo akawa anatazama kibao cha shaba ukutani, kimeshachongwa, hela imeshatoka. Nikawaeleza kikapasita, kijiti, mkono usiotetemeka, mtoto wa miaka kumi na sita. Mwanangu, nimesifiwa maisha yangu yote na sijawahi kuvimba kifua kama dakika zile nilizokuwa nakusifu wewe. Mwalimu wa karakana akaanza kupiga makofi, na wasichana wa safu ya mbele, walikuwa sita, wakasimama.

Kibao wamekubali kukitoa. Badala yake amplifaya itakaa pale kifuniko kikiwa wazi, kimeegemezwa ukutani, anayeingia asome.

Masikio nitapewa wiki ijayo, ya aina aliyopewa kaka. Jumapili ya tarehe tatu piga simu. Nitapokea mimi.

Alama yangu kwenye kifuniko sikuifuta. Kufuta nako ni uongo. Niliipiga mstari mmoja, kama wanavyofanya mafundi, nikaomba penseli mbele yao wote. Chini yake nikachora koleo dogo, lile ulilokuwa unachora kwenye madaftari yako, nikaandika tarehe ya siku ile, miaka ishirini na miwili iliyopita, na maneno haya, kwa mwandiko wangu wa nyayo za kuku:

Koleo alitengeneza. Baba mdogo alishika tochi.